Jiko la Mwenyewe Ndilo Darasa: Mwongozo kwa Bibi Maendeleo Anayeanza Kazi Vijijini Kusini

Barua ya kituo umeshaipata, umeripoti kwa mtendaji wa kijiji, amegonga muhuri, na sasa anakuuliza: haya mama, utaanzia wapi? Jibu langu ni moja, na nimelishika tangu nilipoajiriwa mpaka nilipostaafu. Anzia jikoni kwa mtu. Usianzie ofisi ya kijiji, wala chini ya mwembe wa mikutano, wala kwenye darasa la shule ya msingi. Anzia kwenye jiko la mama mmoja, kwa chungu chake, unga wake na kuni zake, majirani zake wakiwa wamekaa kwenye jamvi lake.

Kazi hii nimeifanya juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, mkoa wa Mtwara, kisha nikamalizia Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kuna waliotuita bibi maendeleo, kuna waliotuita bibi shamba. Jina lolote utakaloitwa, kazi ni ile ile: kumwonyesha mama namna ya kufanya jambo la nyumbani kwake vizuri zaidi, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka aweze kumwonyesha mwingine. Nawaandikia mabinti wanaoajiriwa leo. Nawaandikia pia akina mama wa VICOBA na wahudumu wa afya wa vijijini ambao hawana barua ya ajira lakini wana kitu cha kuwaonyesha wenzao.

Waliotutangulia

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyetusomea habari za mabibi maendeleo weusi wa Marekani. Nimewabeba kichwani miaka yote, na wewe nataka uwajue kabla hujabeba ungo wako kwenda kijijini, kwa sababu mazingira yao yalikuwa magumu kuliko yetu na bado kazi yao ilisimama.

Mwaka 1903, huko Terrell, Texas, mtu mmoja aitwaye Seaman Knapp alianzisha mtindo wa kumfundisha mkulima ndani ya shamba la mkulima mwenyewe, badala ya shamba la serikali. Aliamini kwamba mtu hutilia shaka anachosikia, hata anachokiona, ila hawezi kutilia shaka alichokifanya kwa mikono yake. Mwaka 1906 chuo cha Tuskegee, Alabama, chuo cha watu weusi kilichoongozwa na Booker T. Washington, kikatoa gari la kukokotwa na wanyama lililosheheni zana na mbegu. Mtaalamu wa kilimo George Washington Carver ndiye aliyelibuni, na Thomas Monroe Campbell akalizungusha mashambani. Chuo kilikuwa kinawafuata watu, wengi wao watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa, wakilima pamba kwenye ardhi ya wengine.

Mwanamke wa kwanza mweusi kuajiriwa kufundisha kazi za nyumbani kwa mtindo huo ni Annie Peters Hunter. Alianza mwaka 1912 huko Boley, Oklahoma, mji ulioanzishwa na watu weusi wenyewe. Miaka miwili baadaye, 1914, Marekani ikapitisha sheria ya kugharamia elimu ya ugani nchi nzima, na Texas ikampata Mary Evelyn V. Hunter mwaka 1915. Mabibi hawa walilipwa mishahara midogo kuliko wenzao weupe waliofanya kazi hiyo hiyo, na fedha za sheria ile katika majimbo ya kusini zilipitia vyuo vya weupe. Walizunguka kwenye barabara mbovu, katika nchi ambako mtu mweusi hakuruhusiwa kula wala kulala kwenye hoteli za weupe za njiani. Walilala kwenye nyumba za wale wale waliowafundisha.

Sehemu niliyoichukua na kuifanya yangu ni namna walivyofanya kazi. Gari la Tuskegee lilirithiwa na lori mwaka 1918, na mwaka 1923 likaja lori jipya lililonunuliwa kwa michango ya wakulima weusi. Ndani yake walikuwamo bwana shamba, bibi wa kazi za nyumbani na muuguzi. Wakifika kijijini walichagua nyumba moja, nyumba ya familia ya kawaida, mara nyingi iliyochakaa. Majirani waliitwa hapo. Wanaume walitengeneza ngazi, wakachimba choo, wakapaka chokaa. Wanawake walisuka mikeka kwa maganda ya mahindi, wakajifunza kuhifadhi mboga na matunda. Muuguzi alionyesha namna ya kumwogesha mtoto mchanga na kumlaza mgonjwa. Lori likiondoka, nyumba ile inabaki pale pale njiani, kila mpita njia anaiona, na mwenye nyumba anaulizwa kila siku: hivi mlifanyaje?

Mwaka 1940 serikali yao ilikuwa na pamba ya ziada, na mabibi hawa wakazifundisha familia maskini kujitengenezea magodoro kwa pamba ile. Fikiria watu waliovuna pamba tangu enzi za mababu zao huku wakilala kwenye magodoro ya majani, sasa wanalala juu ya pamba. Mimi habari hiyo hunigusa kila ninapoikumbuka.

Mbegu ya kazi hii ilifika na huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, Kenya, ikifuata mfano wa walimu weusi wa vijijini wa kusini ya Marekani, na wake za walimu nao walifundishwa kazi za nyumbani ili wakafundishe vijijini. Kwetu Tanzania mama zetu wengi walikutana na somo la namna hii mwaka 1973, kwenye vikundi vya redio vya Mtu ni Afya, na tena 1975 kwenye Chakula ni Uhai. Mama yangu mzazi alikuwa katika kikundi cha Mtu ni Afya, na choo walichochimba baada ya vipindi vile nimekitumia nikiwa mtoto.

Ukitaka kuona kinyume chake, nenda Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakaleta matrekta makubwa, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Sehemu tatu za mpango huo, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa pamoja ziliteketeza kama pauni milioni 36, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Wanakijiji waliokuwa wakilima karanga kwenye udongo ule miaka yote hakuna aliyewauliza kitu. Mimi nimeona kijiko cha unga kikibadilisha kitongoji kizima kwa sababu tulianza kwa kumuuliza mwenye chungu.

Kuchagua nyumba

Usichague nyumba ya mwenyekiti. Watu watasema ni mambo ya serikali. Usichague nyumba ya bati jipya na tanki la maji, maana majirani watasema, kwake yanawezekana, kwetu je? Tafuta nyumba iliyo kwenye njia ya kwenda bombani au kisimani, kwa sababu hapo wanawake wanapita na ndoo asubuhi na jioni bila kuitwa na mtu. Mama wa nyumba hiyo awe mtu wa maneno, anayependa kusimulia. Awe na mtoto mdogo wa kliniki. Jiko lake lifanane na majiko ya wenzake: mafiga matatu, kinu, ungo, beseni moja au mawili.

Halafu kuna ruhusa, na hapa wasichana wengi wanaotoka mikoa mingine hukwama. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao wa huku, ukoo hufuata upande wa mama. Mume mara nyingi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Kwa hiyo ukishamwamkia mume, hujamaliza. Kuna bibi mzaa mama, kuna mjomba, na neno lao lina uzito katika nyumba ile. Nenda kwa bibi kwanza, ukiwa umevaa kanga zako vizuri, umkalie chini kwenye jamvi, shikamoo bibi, umwache akuulize ukoo wako mpaka aridhike. Haitakuchukua zaidi ya mchana mmoja.

Na umtafute kungwi. Huyu ndiye aliyewacheza mwali wasichana wa kijiji hicho, na kila mwanamke pale amewahi kukaa mbele yake akimsikiliza. Kungwi akikaa kwenye somo lako kimya mpaka mwisho, watu watarudi. Akiondoka katikati, hata uje na mwalimu wa kutoka wapi, hakuna atakayejaribu ulichofundisha. Mimi nilikuwa nampa kazi: yeye ndiye anayeonja.

Saa na msimu

Somo la nyumbani lina majira yake. Kuanzia Septemba mpaka Desemba watu wako kwenye korosho, kuokota, kuanika, kupeleka ghalani na kusubiri mnada. Usiwaite. Januari na Februari ni palizi, tena ndiyo miezi ambayo ghala za nyumbani zimepungua. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndiyo nafasi nzuri, kwani mihogo inamenywa, makopa, yaani vipande vya muhogo vya kukausha, yanaanikwa, na jua lipo. Kwa siku, saa mbili na nusu asubuhi, maji yakishachotwa na watoto wameshaenda shule. Ijumaa usiende kabisa, na mwezi wa Ramadhani fanya masomo ya mchana yasiyo na kuonja, au subiri mpaka baada ya Idi.

Somo la unga wa muhogo

Nitakueleza somo moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo ninaloona lina uzito kuliko yote huku kwetu, na ukiliweza hili masomo mengine utayapanga kwa mfano wake.

Muhogo ndiyo uti wa mgongo wa chakula cha Mtwara. Watu wanapanda mchungu kwa makusudi, maana nguruwe na nyani hawaugusi, wala mwizi hahangaiki nao. Uchungu huo ni sumu ya sianidi iliyojificha kwenye mzizi. Tunaipunguza kwa kuloweka, kuvundika au kuanika muda mrefu. Shida inakuja mwaka wa ukame. Muhogo wenyewe unazidi kuwa na sumu ukikosa mvua, na wakati huo huo njaa inamfanya mama afupishe kuanika: makopa ya siku tatu yanapondwa, yanachekechwa, yanakuwa ugali jioni hiyo hiyo. Nyumba ikila hivyo wiki kwa wiki, bila kunde wala samaki wala mayai ya kuwapa mwili nguvu ya kuitoa sumu hiyo, mtoto anaweza kuamka asubuhi miguu imekakamaa na haitanyooka tena maisha yake yote. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Unawapata zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Ng'ambo ya Ruvuma, mkoa wa Nampula huko Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipooza kwa namna hiyo wakati wa ukame. Mtwara kwenyewe wagonjwa wamewahi kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo usilifundishe somo hili kama mapishi ya kujifurahisha.

Kuloweka kwenye maji mengi ni njia nzuri sana, lakini mwambie mama wa Newala aloweke gunia la mihogo wakati ndoo moja ya maji ameitafuta tangu alfajiri! Njia ninayoifundisha inatumia maji kidogo. Ilibuniwa na Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, na inafanywa kwenye unga, siyo kwenye mzizi. Mwaka 2010 ilianza kufundishwa kijiji cha Kay Kalenga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako konzo ilikuwa imeshika. Wakati wa mradi hakukuonekana mgonjwa mpya, na baadaye akina mama wakaipeleka wenyewe kwa maneno ya mdomo hadi vijiji jirani. Umeona? Kwa jirani, kwa mdomo.

Fanya hivi. Mama mwenye nyumba alete unga wake wa kawaida, ule aliokusudia kuupika siku hiyo, na wewe usilete wako. Aumimine kwenye beseni, ausawazishe kwa kiganja bila kuushindilia. Achukue mkaa, apige alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Sasa aanze kuongeza maji kidogo kidogo huku akichanganya kwa mkono. Hapa wanawake wote watasogea kuangalia, kwa sababu jambo la ajabu linatokea: unga unashuka chini ya alama. Aendelee kuongeza maji na kuchanganya, nao utaanza kupanda. Ukirudi kwenye alama ile ya mkaa, hapo hapo aache. Hayo ndiyo maji yanayotakiwa. Hakuna kikombe cha kupimia, hakuna mizani, na hata asiyejua kusoma hawezi kukosea.

Kisha autandaze juu ya mkeka safi au ungo mpana, tabaka jembamba, lisizidi unene wa ncha ya kidole cha mwisho cha mtoto, yaani sentimita moja. Hapo usimame uangalie mikono yake. Mkono wa mwanamke aliyezoea kuanika makopa huwa unarundika katikati na kuacha pembeni, na palipo rundo sumu haitoki. Mwombe apitishe mwiko mpaka uso uwe sawa. Usiuchukue mwiko ukamfanyia. Jizuie kabisa, hata kama anachelewa, hata kama wewe una safari ya kijiji kingine. Mikono yako ikishagusa unga, somo limekuwa lako, na ukiondoka linaondoka nawe.

Uachwe kivulini saa tano, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane, au juani saa mbili, kuanzia saa nne mpaka saa sita. Pawe mahali pa wazi penye upepo, siyo ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu sumu inatoka kama hewa. Baada ya hapo upikwe siku hiyo hiyo. Usilale. Unga uliolowa ukilala unavunda, na watu wakishaumwa matumbo hata mara moja, somo lako limekwisha.

Saa hizo za kusubiri ndizo saa zako za thamani. Usizijaze hotuba. Waache waongee, wasukane nywele, na wewe uulize. Nani hapa amewahi kuona mtoto aliyekakamaa miguu? Mara nyingi yupo anayemjua. Nani anapika kunde mara ngapi kwa wiki? Mbaazi zinaisha mwezi gani? Hapo ndipo utajua somo lako la mwezi ujao ni lipi, maana wamekuambia wenyewe. Na hapo ndipo bibi mmoja atasema, kama alivyoniambia bibi mmoja kule Tandahimba: "Mwanangu, unga huu tumeula tangu enzi za babu zetu, mbona hatukufa?" Usibishane naye. Mwambie: kweli bibi, nanyi mlikuwa mnaanika makopa siku ngapi? Atakuambia wiki mbili, tatu, mpaka yakatike kwa mlio. Basi geuka uwaulize mabinti wake wanaanika siku ngapi. Ukimya utakaofuata utakufundishia kuliko kabrasha lolote, na bibi atakuwa upande wako, kwa sababu umemfanya kuwa shahidi wa utaratibu mzuri wa zamani.

Saa nane songesheni ugali wa sufuria mbili, moja ya unga uliotandazwa, nyingine ndogo ya unga ule ule ambao haukulowanishwa. Kungwi aonje wa kwanza, kisha mama mwenye nyumba, kisha wengine. Tonge moja ya kila upande inatosha, na watoto wasipewe ule wa pili. Uchungu hauhitaji maelezo. Mboga yake iwe kunde au mbaazi zilizoungwa kwa nazi, siyo mboga ya kununua mjini, na useme wazi kwamba kunde ile ni sehemu ya kinga.

Mambo mawili uyaseme kabla hawajatawanyika. Njia hii inakamilisha kazi ya kuanika, haiondoi kuanika: makopa bado yakauke vizuri, na yenye ukungu mweusi yatupwe. Na mtu yeyote ambaye miguu imeanza kulegea au kukakamaa ghafla apelekwe zahanati siku hiyo, asipelekwe kwanza kwa mganga kutafuta mchawi.

Masomo mengine

Mboga za majani kwa kiangazi ni rahisi. Majani ya kunde au kisamvu kichanga kilichotwangwa yapitishwe kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, yachujwe, yatandazwe kwenye chanja kivulini, yafunikwe kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi. Jua kali linakula vitamini A, ndiyo maana nasema kivulini. Watu wa huku wamezoea kuanika juani juu ya mabati, kwa hiyo weka chanja mbili na uwaonyeshe rangi baada ya siku chache.

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yananiuma roho. Msimu wa korosho yanaoza chini ya mikorosho kwa marundo, yaliyobaki yanaishia kwenye uraka na gongo, na ndilo tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa. Fundisha kuchagua yaliyoiva bila mchubuko siku yalipodondoka, kuyaosha, kuyakata, kuyachemsha kidogo kwenye maji ya chumvi ili ule ukakasi wa kooni upungue, kisha kuyaanika. Ila kwa kuwa ni msimu wa shughuli, fanya jioni, na fanya na wasichana waliomaliza shule, wao wana muda. Korosho yenyewe ikibanguliwa nyumbani, kumbusha mikono ipakwe mafuta au majivu, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi vibaya.

Wanaume

Usiwaache nje. Mama anaweza kujifunza kila kitu akarudi akakuta fedha za korosho zimekwenda mnadani na kurudi na redio. Mabibi wa Tuskegee walikuja na bwana shamba kwenye lori moja kwa sababu nyumba ni moja. Mwombe bwana shamba wa kata aje siku hiyo hiyo, akae na wanaume kando, awaonyeshe mbegu za muhogo zinazovumilia magonjwa kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, huku wakitengeneza chanja ya kuanikia kwa miti yao. Ugali ukiiva, wale wote pamoja. Mwanaume aliyetengeneza chanja kwa mikono yake hataiacha ianguke.

Kuna siku mradi mmoja uliletwa kwenye kata yangu ukiwa na posho ya kikao na soda. Watu walijaa. Posho ilipokatika hawakuonekana tena, na hata masomo yangu ya bure yakayumba kwa muda. Kama una uwezo wa kukataa posho, kataa. Kitu cha kugawana kiwe chakula kilichopikwa hapo hapo.

Kurudi

Rudi kwenye nyumba ile baada ya wiki moja, bila taarifa, mida ya saa tatu. Usiulize kama wanafanya. Tazama beseni. Ukiona alama ya mkaa, au bora zaidi mkwaruzo wa msumari ambao mama ameuweka ili usifutike, basi imeingia. Usipoiona, kaa naye, mmenye mihogo pamoja, na umsikilize ni nini kilichomzuia. Mara nyingi ni muda: unga unasagwa jioni, saa tano za kivuli hana. Hapo mtapanga pamoja asage leo wa kesho, aulowanishe asubuhi.

Mara ya tatu usifundishe wewe. Mwombe yeye awaite majirani watatu, na wewe ukae nyuma kabisa pamoja na watoto. Ataanza kwa haya, atakutazama akitafuta msaada. Angalia chini, cheza na mtoto. Akikosea kitu kidogo, acha. Akikosea kitu cha hatari, mfano akisema unga unaweza kulala, basi uliza swali kama mtu asiyejua: eti mama, ukilala inakuwaje? Atajisahihisha mwenyewe mbele ya wenzake na heshima yake itabaki.

Weka daftari moja la kila kitongoji. Andika nyumba, somo, tarehe, na nani alimfundisha nani. Usiandike idadi ya waliohudhuria tu, kama ofisi inavyotaka, kwani waliohudhuria ni wengi na wanaofanya ni wachache. Uzito wa watoto uuchukue kwenye kadi za kliniki kwa ruhusa ya mama zao, mara moja kwa msimu. Mama mwenye nyumba ya kwanza naye awe na daftari lake, hata kama ni mtoto wake wa darasa la tano anayemwandikia. Ukihamishwa kituo, nakala ya lako mwachie mtendaji, na lenyewe mkabidhi mama huyo mbele ya bibi yake na kungwi.